Kosa la upimaji

Kosa la upimaji (pia: hitilafu ya kipimo) ni tofauti kati ya thamani inayopatikana kwa kupima kitu na thamani halisi ya kitu hicho. Katika sayansi neno "kosa" halimaanishi lazima kwamba mpimaji amezembea. Hakuna kifaa wala mtu anayeweza kupima urefu, uzito, muda au halijoto bila tofauti yoyote, hata ikiwa ndogo mno. Kwa sababu hiyo kipimo cha kisayansi hutajwa pamoja na ukubwa wa shaka iliyobaki, k.m. "sentimita 12.40 ± 0.05".

Makosa ya upimaji hugawanywa hasa katika aina mbili. Kosa nasibu hubadilika kila mara kipimo kinaporudiwa, mara likizidisha na mara likipunguza. Kosa la kimfumo huvuta vipimo vyote upande mmoja. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu tiba zake si moja: kurudia kipimo mara nyingi hupunguza kosa nasibu, lakini hakupunguzi kosa la kimfumo hata kidogo. Mtu anaweza kupima mara elfu, akapata jibu lilelile kila mara, na jibu hilo likawa si sahihi.

## Istilahi

* Thamani halisi ni ukubwa ambao kitu kinao kwa kweli. Kwa kawaida haijulikani kikamilifu. Hukadiriwa kwa njia ya vipimo.
* Usahihi ni jinsi kipimo kilivyo karibu na thamani halisi.
* Ukaribiano ni jinsi vipimo vilivyorudiwa vilivyo karibu vyenyewe kwa vyenyewe.
* Kosa la uwiano ni kosa likilinganishwa na ukubwa wa kitu chenyewe. Kosa la milimita 1 katika urefu wa milimita 10 ni asilimia 10. Kosa hilohilo katika urefu wa mita 1 ni asilimia 0.1 tu.
* Shaka ya kipimo ni upana wa eneo ambamo thamani halisi inatarajiwa kuwemo. Huandikwa kwa alama ±.

Usahihi na ukaribiano havifuatani lazima. Mizani inayoonyesha kilo 2.20 kila mara jiwe la mizani la kilo 2 linapowekwa juu yake ina ukaribiano mzuri sana, lakini si sahihi. Mizani nyingine inayoonyesha 1.9, 2.1, 2.0 na 2.0 haina ukaribiano mzuri hivyo, ila wastani wake ni sahihi.

## Kosa nasibu

Kosa nasibu hutokana na mambo madogo mengi yasiyodhibitiwa: upepo unaogusa mizani nyepesi, kupanda na kushuka kwa umeme katika kifaa, au kidole kinachochelewa kidogo kubonyeza saa. Kwa kuwa hutokea pande zote mbili, vipimo hutawanyika kuizunguka thamani fulani ya katikati. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alieleza mtawanyiko huo katika kitabu chake cha mwaka 1809. Mchoro wake una umbo la kengele: makosa madogo hutokea mara nyingi, makosa makubwa hutokea mara chache.

Njia ya kawaida ya kupunguza kosa nasibu ni kurudia kipimo na kuchukua wastani. Shaka ya wastani hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Vipimo 4 hupunguza shaka hadi nusu; vipimo 100 huipunguza hadi sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kila hatua ya kuongeza uhakika hugharimu kazi nyingi kuliko iliyotangulia.

## Kosa la kimfumo

Kosa la kimfumo lina chanzo cha kudumu. Huonekana hasa kwa namna mbili:

* Kosa la kuongeza, ambapo kila kipimo huzidi au hupungua kwa kiasi kilekile. Mfano unaojulikana ni *kosa la sifuri*: mshale wa mizani hausimami kwenye 0 kabla mzigo haujawekwa.
* Kosa la kuzidisha, ambapo kosa hukua pamoja na kitu kinachopimwa. Futikamba ya fundi cherehani iliyovutika kwa matumizi ya miaka mingi ina alama zilizoachana kupita kiasi. Hivyo huonyesha urefu pungufu, na upungufu huongezeka kadiri kitambaa kinavyokuwa kirefu.

Kosa la aina hii ni hatari zaidi kwa sababu halijionyeshi. Vipimo vyenye kosa nasibu hutofautiana, na tofauti hizo humwonya mpimaji. Vipimo vyenye kosa la kimfumo vinaweza kukubaliana vizuri na kumpa imani isiyostahili.

Matokeo yake huonekana wazi katika biashara. Mkulima akiuza magunia 50 kwenye mizani yenye kosa nasibu, gunia moja litasomeka zaidi na jingine pungufu, na sehemu kubwa ya tofauti hizo itafutana katika jumla. Mizani ikipunguza asilimia 2 kila mara, hakuna kinachofutana: katika kila kilo 1,000 mkulima hupoteza kilo 20.

## Makosa ya uzembe

Kuandika 61 badala ya 16, kusoma safu isiyo yake au kuchanganya vizio ni makosa ya uzembe. Hayaingizwi katika hesabu ya shaka. Hutafutwa na kuondolewa. Mfano mashuhuri ni chombo cha anga Mars Climate Orbiter cha Marekani, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ya kompyuta ilitoa takwimu za msukumo kwa vizio vya ratili, na programu nyingine ilizisoma kana kwamba ni vizio vya newton. Kizio kimoja ni takriban mara 4.45 ya kingine.

Hata hivyo kipimo hakitupwi kwa sababu tu hakifanani na vingine au hakimpendezi mpimaji. Lazima sababu ya kosa ijulikane kwanza.

## Vyanzo vya makosa

### Kifaa
Springi huchoka, kingo za rula hulika, betri hupungua nguvu, na vifaa vya kielektroniki hubadilika polepole kadiri vinavyozeeka. Kila kifaa pia kina kipimo kidogo kabisa kinachoweza kusomwa. Rula yenye alama za milimita haiwezi kutofautisha mikromita.

### Mazingira
Metali hutanuka kwa joto. Tepu ya chuma ya mita 30 iliyotengenezwa kusoma sawasawa katika 20 °C huwa ndefu zaidi kwa karibu milimita 5 inapotumika kwenye jua katika 35 °C.

Mvutano wa dunia nao haulingani kila mahali. Mchapuko wa graviti ni karibu 9.78 m/s² kwenye ikweta na 9.83 m/s² kwenye ncha za dunia. Mizani ya springi au ya kielektroniki hupima kani ya uzito. Ikirekebishwa mahali penye 9.81 m/s², kisha ikatumika karibu na ikweta bila kurekebishwa tena, mzigo wa kilo 100 utasomeka karibu kilo 99.7. Mizani ya sahani mbili haina tatizo hilo, kwa sababu mzigo na mawe ya mizani huvutwa sawa.

### Mpimaji
Mtu akitazama mshale au alama kutoka upande badala ya kutazama wima, husoma namba isiyo sahihi. Hilo huitwa *kosa la paralaksi*. Katika silinda ya kupimia maji, usomaji hufanywa jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji. Kosa jingine ni matarajio: anayejua jibu "linalotakiwa" huelekea kulisoma hata kama kifaa kinaonyesha namba tofauti kidogo.

### Mbinu na dhana
Kipimo kinaweza kuharibika kwa sababu ya dhana isiyo ya kweli. Vitabu vya shule husema maji huchemka katika 100 °C, lakini hiyo ni kweli kwenye usawa wa bahari tu. Mwanafunzi wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kutumia maji yanayochemka kukagua kipimajoto chake. Jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka katika karibu 94 °C. Mwanafunzi wa huko akiandika "100" pale zebaki iliposimama, kila kipimo cha joto kali atakachofanya baadaye kitakuwa na kosa.

Vilevile kipimajoto kilichowekwa juani hupata joto la miali ya jua na hakionyeshi halijoto ya hewa. Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa hukiweka ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa.

### Kitu kinachopimwa
Kupima kunaweza kubadilisha kile kinachopimwa. Kipimajoto baridi kikitiwa katika kikombe kidogo cha maji ya moto hupoza maji hayo. Kipimio cha upepo wa tairi hutoa hewa kidogo kila kinapotumika.

## Mfano wa hesabu

Jaribio la kawaida shuleni ni kutafuta mchapuko wa graviti (*g*) kwa pendulamu, yaani kigololi kilichoning'inizwa kwa uzi. Kanuni yake ni *g* = 4π²*L*/*T*², ambapo *L* ni urefu wa pendulamu na *T* ni muda wa kwenda na kurudi mara moja.

Tuseme muda wa mizunguko 10 umepimwa mara tano, na majibu kwa sekunde ni 20.1, 20.4, 19.9, 20.2 na 20.4. Wastani ni 20.2. Mkengeuko sanifu, yaani kadirio la mtawanyiko wa vipimo, ni takriban 0.21. Ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5 hutoa karibu 0.1. Basi mizunguko 10 huchukua sekunde 20.2 ± 0.1, na *T* ni sekunde 2.02 ± 0.01.

Urefu wa uzi umepimwa kuwa mita 1.000. Kwa namba hizo *g* ni 9.68 m/s². Katika kanuni hii *T* imezidishwa kwa yenyewe, hivyo kosa lake la uwiano la asilimia 0.5 huhesabiwa mara mbili na kuleta shaka ya asilimia 1. Jibu ni 9.68 ± 0.10.

Lakini urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya kigololi, wala si hadi mwisho wa uzi. Kama kigololi kina kipenyo cha sentimita 3, urefu halisi ni mita 1.015, na *g* huwa 9.82 ± 0.10. Sentimita 1.5 zilizosahauliwa zilipunguza jibu kwa asilimia 1.5, na alama ya ± haikulionyesha kosa hilo. Mwanafunzi angepima mizunguko 1,000 shaka ingekuwa ndogo zaidi, lakini jibu lingebaki pungufu.

Njia ya kuliepuka ni kubadilisha mpango wa jaribio. Mpimaji hutumia nyuzi za urefu mbalimbali, kisha huchora grafu ya *T*² dhidi ya urefu wa uzi. Sentimita 1.5 zinazokosekana huusogeza mstari mzima upande mmoja, lakini hazibadilishi mwinamo wake. Kwa kuwa *g* hutafutwa kutoka kwenye mwinamo, kosa la kimfumo huondoka lenyewe, na mahali mstari unapokata mhimili hufichua ukubwa wake.

## Namna ya kupunguza makosa

* Kukagua sifuri ya kifaa kabla na baada ya kupima.
* Kurudia kipimo na kuandika majibu yote, pamoja na yale yanayotofautiana.
* Kupima kiasi kikubwa na kugawanya: unene wa karatasi moja hupatikana vizuri kwa kupima karatasi 100 pamoja.
* Kubadilishana wapimaji, au kuficha jibu linalotarajiwa mpaka kazi imalizike.
* Kulinganisha kifaa na kiwango kinachoaminika.
* Kupima kitu kilekile kwa njia nyingine isiyotegemea ya kwanza. Hii ndiyo njia kuu ya kugundua kosa la kimfumo.

Jibu huandikwa kwa tarakimu zinazostahili tu. Kuandika 9.6752 ± 0.10 ni kudai uhakika usiokuwepo; inatosha kuandika 9.68 ± 0.10.

## Ugezi na viwango

Ugezi ni kazi ya kulinganisha kifaa na kiwango kinachojulikana na kuandika tofauti zake. Kiwango hicho nacho hulinganishwa na kingine bora zaidi, hadi kufikia viwango vya taifa na vya kimataifa. Nchini Tanzania kazi ya ugezi hufanywa na maabara za Shirika la Viwango (TBS), na Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara na pampu za mafuta. Nchini Kenya viwango vya taifa vya vipimo vinatunzwa na shirika la KEBS.

Ukaguzi wa mizani hausaidii pale ambapo mizani haitumiki. Mazao yakiuzwa kwa *lumbesa*, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuongezewa kilemba, mkulima hana namba ya kulinganisha, na hasara haijulikani ukubwa wake.

Hata kiwango chenyewe kinaweza kubadilika. Tangu 1889 kilogramu ilikuwa ni uzani wa silinda moja ya platini na iridi iliyotunzwa Sèvres karibu na Paris, Ufaransa. Ilipolinganishwa na nakala zake baada ya takriban miaka mia moja, tofauti ya kadiri ya mikrogramu 50 ilionekana, na haikuwezekana kusema ni ipi iliyobadilika. Tangu 20 Mei 2019 kilogramu hufafanuliwa kwa thamani isiyobadilika ya Planck badala ya kitu cha kushikika.

## Makosa katika historia ya sayansi

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, karibu na ikweta. Saa iliyokuwa sahihi mjini Paris ilichelewa huko kwa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Isaac Newton alitumia jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kama ushahidi kwamba dunia si tufe kamili bali imevimba kwenye ikweta.

Mwaka 1796 Nevil Maskelyne, mkuu wa kituo cha astronomia cha Greenwich nchini Uingereza, alimfukuza msaidizi wake David Kinnebrook kwa sababu muda aliosoma wa nyota kupita mbele ya darubini ulitofautiana na wa mkuu wake kwa sekunde 0.8. Baadaye Friedrich Bessel alionyesha kwamba wapimaji wote, hata walio hodari, hutofautiana kwa namna hiyo. Ilikuwa tofauti ya kibinadamu, si uvivu.

Katika miaka ya 1890 Lord Rayleigh aliona kwamba nitrojeni iliyotokana na hewa ilikuwa nzito kuliko ile iliyotokana na kemikali, kwa takriban nusu ya asilimia. Alirudia vipimo na tofauti ikabaki. Pamoja na William Ramsay aligundua mwaka 1894 kwamba hewa ilikuwa na gesi isiyojulikana, nayo ikaitwa arigoni. Wote wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904.

## Visa vya karibuni

Darubini ya Hubble. Ilirushwa Aprili 1990, na picha zake za kwanza zilikuwa na ukungu. Kioo chake kikuu chenye upana wa mita 2.4 kilikuwa kimechongwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kwa umbo lisilo sahihi: ukingo wake ulipungua kwa karibu mikromita 2. Kifaa kilichoongoza uchongaji kilikuwa na lenzi iliyowekwa milimita 1.3 mbali na mahali pake. Vifaa vingine viwili vilionyesha kasoro hiyo kabla ya darubini kurushwa, lakini majibu yake yalipuuzwa kwa kudhaniwa kuwa si sahihi kama kifaa kikuu. Wanaanga walitia vifaa vya kurekebisha mwezi Desemba 1993.

Neutrino za OPERA. Mwezi Septemba 2011 watafiti walitangaza kwamba neutrino zilizosafiri takriban kilomita 730 kutoka CERN hadi Gran Sasso, Italia, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Vipimo vilikuwa maelfu, na kosa nasibu lilikuwa dogo. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba waya mmoja wa nuru haukukazwa vizuri. Kundi jingine la watafiti, lililotumia kifaa chake lenyewe mahali palepale, lilipima na halikuona mwendo unaozidi wa mwanga.

Oksimita ya kidole. Kifaa hiki hupitisha mwanga kwenye kidole ili kukadiria oksijeni katika damu. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wake na kipimo cha damu ya ateri. Kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vile vya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Kwa hiyo kosa linafuata rangi ya ngozi na linaelekea upande mmoja: mgonjwa huonekana mzima kuliko alivyo. Kumpima tena kwa oksimita ileile hakuondoi kosa hilo. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kuhusu mipaka ya kifaa hicho. Tabibu anashauriwa kuangalia pia dalili za mgonjwa na mwenendo wa namba kwa muda, na pale inapowezekana kuthibitisha kwa kipimo cha damu.

## Tazama pia

* Vizio vya kimataifa
* Takwimu
* Mizani
* Kipimajoto
* Mbinu ya kisayansi